Kindu na meza zake: miaka mia moja na hamsini ya kula kando ya Lualaba

Kindu iko karibu nusu ya njia kati ya bahari mbili. Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye gati la mji hadi Banana, pale Mto Kongo unapomwaga maji yake Atlantiki, utapata kilomita 1,500 na kidogo. Ukigeuka na kupima kuelekea mashariki hadi Bagamoyo, kwenye Bahari ya Hindi, utapata karibu umbali uleule. Chaza akishatolewa baharini huishi siku chache tu, tena awekwe kwenye baridi na ganda lake libaki limefumba. Ndiyo maana ule mtindo unaopendwa leo Paris, London na New York, wa kukaa kwenye kaunta ya mkahawa wa Kifaransa, kuletewa chaza wabichi juu ya barafu pamoja na limau na divai nyeupe, kisha sahani ndogo ndogo zinazofuatana na kuliwa kwa pamoja, haukuweza kuzaliwa Maniema, mkoa wa Kindu. Bahari iko mbali mno.

Lakini atakayedhani kwamba Kindu na jirani zake hawana historia ya meza za fahari atakuwa amekosea sana. Kwa miaka mia moja na hamsini, kila mwenye nguvu aliyefika kwenye mto Lualaba aliandaa meza yake, akaleta vyombo vyake, na akaamua nani aketi, nani apike na nani abaki nje. Historia ya Maniema imesimuliwa mno kwa kufuata pembe za ndovu, bunduki na bati. Ukiifuata kwa njia ya chakula unakutana na watu wengine kabisa: wauza kuku, wapiga makasia, wapishi, wakulima wa mpunga.

Hata chaza mwenyewe si mgeni kabisa katika maji ya Kongo. Yuko chaza wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Etheria elliptica, jina alilopewa na Mfaransa Lamarck mwaka 1807. Hunata kwenye miamba ya mito yenye maji ya kasi, na anapatikana katika bonde la Nile, la Niger, la Senegal na la Kongo. Kaskazini mwa Benin, katika mto Pendjari, wanawake huwatoa majini kwa ajili ya mboga na biashara. Hajawahi kuwa na sifa ya yule wa Cancale au Ostend, huko Ulaya, wala hajawekewa barafu na mtu. Ni chakula cha watu wa mtoni, na watu wa mtoni ndio mwanzo wa simulizi hii.

Kabla Kindu haijawa mji, soko kubwa la eneo hili lilikuwa Nyangwe, kama kilomita 140 kusini, kwenye ukingo wa Lualaba. Wangwana kutoka pwani, yaani Waarabu na Waswahili wa misafara, walikuwa wamekwisha kupiga kambi hapo msafiri Mskoti David Livingstone alipowasili mwishoni mwa Machi 1871. Alikuwa mgonjwa, hana karatasi wala wino, akawa anaandika kwa rangi ya mmea juu ya gazeti kuukuu. Kilichomvutia kuliko yote ni soko. Wengi wa waliokuja walikuwa wanawake, na wengi wao walivuka mto kwa mitumbwi ya Wagenia, wavuvi wa mto huo. Walileta samaki, mihogo, mawese, chumvi, pilipili, kuku, vyungu. Livingstone alikaa hapo miezi kadhaa akisubiri mitumbwi asiyoipata, na siku za soko alikuwa akienda kuwatazama wanawake wakipatana bei, wakicheka, wakibishana. Kurasa zake za siku hizo zina furaha ambayo ni nadra kuiona katika maandishi yake ya miaka ya mwisho.

Tarehe 15 Julai 1871 walikuja watu wapatao 1,500. Watu watatu wenye bunduki, wafuasi wa mfanyabiashara Dugumbe, waliingia sokoni. Mmoja wao alianza kugombania kuku na muuzaji, akamshika. Muda mfupi baadaye risasi zililia katikati ya soko, na nyingine zikatoka upande wa kijito ambako mitumbwi ilikuwa imefungwa. Watu walikimbilia mitumbwi ikabanana isitoke. Wengi walijitupa mtoni wakajaribu kuogelea dhidi ya mkondo, vichwa vikawa vinazama kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka akarudi Ujiji, na huko ndiko mwandishi wa habari Henry Stanley alikomkuta mwaka huohuo. Dunia nzima inakumbuka salamu ya Stanley. Wanawake wa Nyangwe, waliokwenda kuuza kitoweo na hawakurudi, hakuna anayejua hata jina la mmoja wao.

Lazima jambo hilo lisemwe mwanzoni, kwa sababu yanayofuata yana utamu wa wali na kondoo, na mtu anaweza kusahau meza hiyo iliwekwa juu ya nini.

Stanley alirudi Lualaba mwaka 1876, safari hii akitaka kuufuata mto hadi mwisho wake. Alimpata Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, Mzanzibari aliyekuwa amejenga makao yake Kasongo, wakapatana kwamba kwa dola 5,000 angemsindikiza sehemu ya njia na watu wake. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba. Msitu uliwatesa, ndui ikawaua wengi, na wenyeji wa mtoni, waliokuwa na kila sababu ya kuogopa bunduki, waliwapiga kwa mishale. Krismasi iliwakuta mahali palipoitwa Vinya-Njara. Hapo walifanya mashindano ya mitumbwi na ya mbio za miguu. Tippu Tip mwenyewe alishindana mbio na Frank Pocock, kijana wa Kiingereza wa msafara, akamshinda na kutwaa kikombe cha fedha. Siku iliyofuata, tarehe 26 Desemba, Tippu Tip aliandalia msafara wote karamu ya wali na kondoo wa kuchoma, na tembo la mchikichi la hapohapo Vinya-Njara. Baada ya siku mbili waliagana, Stanley akashuka na mto.

Karamu hiyo ina uzito wake katika historia ya chakula cha Maniema. Wali uliokuja na misafara kutoka pwani uliliwa pamoja na kinywaji cha msitu. Mpunga ulikuwa umepandwa kuzunguka kila kituo cha Wangwana, kwa sababu mtu wa pwani aliyezoea wali hakutaka kuishi kwa muhogo peke yake, na kwa sababu mpunga mkavu unabebeka na kuhifadhika. Waliupanda kwenye nchi kavu, msitu ukishafyekwa, bila majaruba ya maji. Pamoja nao yalikuja malimau na machungwa, mapera na maembe. Kilimo hicho kilibebwa na watumwa. Wenyeji waliosilimu na kuchukua mavazi, lugha na mapishi ya pwani waliendelea nacho baada ya mabwana wa kwanza kuondoka, na ndio mababu wa wakulima wengi wa Kasongo, Kabambare na Kibombo wa leo.

Jinsi meza ya Kasongo ilivyokuwa imefikia, tunaijua kwa ushahidi wa maadui zake. Vita kati ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na Wangwana vilianza mwaka 1892. Francis Dhanis aliongoza jeshi la Dola, Nyangwe ikaanguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo ikatekwa tarehe 22 Aprili. Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi hilo, Sidney Langford Hinde, alichapisha kitabu mwaka 1897, na ndani yake anashangaa waziwazi. Anasema hata askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, kwenye vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, bilauri na birika za fedha na za kioo kwa wingi. Maghala yalijaa mpunga, kahawa na mahindi. Bustani zilikuwa na machungwa, makomamanga, mananasi, mapera na ndizi.

Hebu fikiria njia iliyopitwa na bilauri moja ya kioo mpaka ifike Kasongo. Ilishushwa jahazini au melini Unguja, ikavushwa Bagamoyo, ikafungwa ndani ya mzigo wa mtu mmoja, ikatembea kwa miguu hadi Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapanda na kushuka milima mpaka kwenye mto. Kila hatua kuna kichwa au bega lililoibeba. Chaza hawakuweza kusafiri hivyo, lakini kila kitu kisichooza cha meza ya Unguja kilisafiri. Wale wanaosema fahari ililetwa katikati ya Afrika na Mbelgiji hawajausoma ushuhuda wa daktari wa Mbelgiji mwenyewe.

Baada ya ushindi huo, mji mwingine ukaanza kupanda. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, kwa mtaji wa baroni Édouard Empain. Kazi yake ilikuwa kuunganisha sehemu za Lualaba zinazopitika kwa meli na reli pale ambapo maporomoko yanazuia. Meli zilitoka Ponthierville, leo Ubundu, zikapanda mto hadi Kindu. Juu ya Kindu mto una miamba na ile mipasuko ya karibu na Kongolo ambayo Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu, kwa hiyo shehena ilihamishiwa kwenye treni. Mwishoni mwa 1910 reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo ilikamilika. Kijiji kikawa bandari na stesheni, na kwenye ramani kikaandikwa Kindu-Port-Empain. Nyangwe ikafifia. Kila aliyesafiri kati ya Stanleyville, leo Kisangani, na Katanga kwa njia hiyo alilazimika kushuka Kindu, kulala Kindu na kula Kindu.

Mwaka uleule wa 1902, huko Ubelgiji, Leopold II alianza kujenga baraza ndefu ya nguzo kando ya bahari katika mji wa Ostend, ambao aliupenda na kuupamba kwa miaka mingi. Ostend ulikuwa mji wa wavuvi na wa mabwawa ya chaza, na chaza wake walipelekwa kwenye meza za matajiri wa Ulaya. Mwaka 1931 ulizinduliwa hapo mnara wa mfalme huyo akiwa juu ya farasi. Upande mmoja wa chini wamechongwa wavuvi wa Ostend wakimshukuru, na upande mwingine Wakongo wakimshukuru kwa kuwaokoa na utumwa wa Waarabu. Maana yake, vita vya Nyangwe na Kasongo vilichongwa kwa shaba karibu na mabwawa ya chaza, na watu wa mto wetu wakawekwa mkabala na wavuvi wa mji huo. Mwaka 2004 wanaharakati waliukata mkono wa mmoja wa Wakongo hao wa shaba, kukumbusha mikono iliyokatwa wakati wa kutafuta mpira chini ya utawala wa Leopold. Mkono huo ulisema kweli zaidi kuliko mnara mzima.

Huko Kindu, meza ya Mbelgiji ilikuwa ya makopo na chupa. Samaki wa mafuta, maharage, nyama, siagi, divai, vyote vilipanda mto au vilikuja kwa treni kutoka kusini. Mpishi alikuwa Mkongo. Alijifunza mchuzi mzito wa Kifaransa, mkate, supu na namna ya kupanga kisu na uma, na aliporudi kwake jioni alikula sombe na samaki kama majirani zake. Ujuzi wa wapishi hao haukuandikwa na yeyote, ingawa bila wao hakuna afisa wa reli wala wa mgodi ambaye angekula vizuri. Migodi ya bati ilipokua katika miaka ya 1930, kampuni ya Symétain ikiwa Kalima, mashariki mwa Kindu, idadi ya Wazungu iliongezeka, na pamoja nao vilabu na nyumba za wageni zenye milango iliyofungwa kwa Mwafrika isipokuwa anayehudumu.

Mkulima naye alilishwa amri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kongo yalipoingia Afrika ya Mashariki ya Wajerumani na kuitwaa Tabora mnamo Septemba 1916, chakula cha askari na wapagazi kilitakiwa kwa wingi, na mpunga wa mashariki ya Kongo ukawa mali ya serikali kwa vitendo. Mwaka 1917 ikatoka sheria ya mazao ya lazima: siku 60 kwa mwaka mwanakijiji alime kinachoagizwa, pamba au mpunga, auze kwa bei iliyopangwa, la sivyo faini au kifungo. Mmea ulioletwa na Wangwana kwa nguvu za watumwa ukaendelezwa na Wabelgiji kwa nguvu za sheria. Watu wa Maniema waliupenda wali licha ya yote hayo, na hilo linanigusa kila ninapolifikiria.

Swali la nani aketi mezani lilifikia kilele chake katika miaka ya 1950. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya usajili kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alikaguliwa nyumbani kwake: je, familia inakula pamoja mezani, je, inatumia kisu na uma? Patrice Lumumba, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi Symétain huko Kalima kabla ya kwenda Stanleyville, aliipata kadi hiyo mwaka 1954. Waliofanikiwa walikuwa wachache sana. Hadi katikati ya muongo huo Mwafrika alikatazwa kisheria hata kununua divai. Mpishi wa Kindu aliifungua chupa hiyo kila siku kwa ajili ya wengine, na yeye mwenyewe asingeweza kuinunua dukani.

Karibu na wakati huo ulipita msafara mwingine wa kigeni. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta wasanii wake kwenye mto Ruiki, jirani na Ponthierville, kupiga picha za filamu ya The African Queen. Karibu wote waliugua matumbo. Humphrey Bogart alisimulia baadaye kwamba alisalimika kwa sababu alikula maharage na asparaga za kopo na kunywa wiski. Watazamaji walicheka kisa hicho kwa miaka. Mimi nakiona kama ushahidi wa kusikitisha: alikaa wiki baada ya wiki kando ya mojawapo ya mito yenye samaki wengi duniani, akala makopo.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na mwaka uliofuata meza moja ya Kindu ikaingia katika historia ya damu.

Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru, alikuwa ameuawa Januari 1961. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga, ikisaidiwa na Wabelgiji na askari wa kukodiwa. Kindu ilikuwa kambi ya wanajeshi watiifu kwa wafuasi wa Lumumba waliokuwa Stanleyville, wenye hasira na hofu, njiani kuelekea mpaka wa Katanga. Ndani ya mji kulikuwa pia na kikosi cha Malaya chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Novemba 1961 zilitua ndege mbili za mizigo za Jeshi la Anga la Italia, za kikosi cha 46 kutoka Pisa, zikiwa zimewaletea Wamalaya mahitaji yao. Waitalia walikuwa 13, wakiongozwa na meja Amedeo Parmeggiani na kapteni Giorgio Gonelli. Walishusha mizigo, kisha wakaenda kwenye bwalo la maafisa, umbali mfupi kutoka uwanjani, kula chakula cha mchana na wenyeji wao.

Askari wa Kikongo, kama 80, waliwazingira hapo bwaloni. Waliamini kwamba hao ni Wabelgiji au askari wa kukodiwa wa Tshombe walioshuka kwa miavuli. Wamalaya waliokuwa hapo walikuwa wachache kuliko wavamizi. Waitalia, ambao hawakuwa na silaha, walipigwa. Daktari wao Paolo Remotti aliuawa akijaribu kukimbia, na wengine walipelekwa gerezani, wakauawa nao. Kwa wiki nyingi Italia haikujua miili iko wapi. Mwanzoni mwa 1962 ilipatikana imezikwa kwenye makaburi ya Tokolote, na mwezi Machi ikarudishwa Pisa, ambako karibu na uwanja wa ndege kuna jengo la kumbukumbu lao. Mwaka 1994 walitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa.

Hadi leo miji mingi ya Italia ina mtaa wenye jina la mashahidi wa Kindu. Kuna watu huko wanaolijua jina la mji wetu kwa sababu hiyo tu. Sioni namna ya kulieleza tendo lile ila kwa jina lake: mauaji ya wageni wasio na silaha, waliotolewa mezani. Katika mila zote za Maniema, za Wabangubangu, za Warega, za Wazimba, za Wangwana, mgeni anayekula amelindwa. Hasira ya kuuawa kwa Lumumba ilikuwa ya haki. Waliolipa hawakuwa wenye deni.

Mji haukupata pumziko refu. Waasi wa Simba waliingia Kindu Julai 1964, wakatawala kwa hofu hadi ilipotwaliwa tena Novemba na jeshi la serikali pamoja na askari wa kukodiwa. Wazungu wengi waliondoka na vilabu vyao vikafungwa. Mwaka 1988 Maniema ikawa mkoa kamili, ukiwa umetengwa na Kivu, na Kindu ikawa makao makuu yake, na komuni tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi wa mto, Alunguli ng'ambo.

Kisha ikaja vita ya 1998. Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD na washirika wao wa Rwanda mwezi Oktoba mwaka huo. Wapiganaji wa kienyeji, Mai-Mai, walishika vijiji vilivyozunguka. Reli ikanyamaza. Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa kiasi kwamba mwanamke aliyetoka kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, na wengi walibakwa njiani. Mpunga uliiva ukaanguka bila mvunaji, kilomita chache kutoka kwa watoto wenye njaa. Chakula kilikuja kwa ndege, kwa bei ambayo wachache waliiweza. Mkoa uliolisha majeshi ya 1916 haukuweza kujilisha.

Mwaka 2004 treni kutoka Lubumbashi ilifika tena Kindu baada ya miaka kama sita. Chumvi, sabuni na unga vikashuka. Mpunga na mawese vikapanda.

Leo anayetaka kula vizuri Kindu anaweza. Wali wa mpunga wa nchi kavu, wenye punje nzito na harufu ya shamba jipya, huletwa na baiskeli kutoka njia ya Kibombo na ya Kailo. Samaki wa Lualaba huja alfajiri na mitumbwi ya Wagenia, akiwemo yule mkubwa mwenye nyama nyeupe aitwaye kapitene. Mkivuka mto kwenda Alunguli, mtakuta samaki wa kufungwa kwenye majani akapikwa juu ya makaa, sombe iliyotwangwa na kutiwa mawese, lengalenga, ndizi za kuchemsha, pilipili pembeni. Vyote vinawekwa katikati, kila kimoja kwenye chombo chake, na watu wanakula kwa pamoja. Wapishi wa Paris wanaosifiwa kwa kugundua starehe ya sahani ndogo ndogo za kushirikiana wangejifunza mengi hapo, hasa kwamba samaki aliyetoka majini asubuhi hahitaji mapambo.

Hukumu yangu ni kwamba mkahawa wa fahari unawezekana Kindu, na unastahili kuwepo, wenye vitambaa safi, sahani ndogo zilizopangwa kwa ustadi na bei inayomlipa mvuvi na mkulima sawasawa. Haumhitaji chaza wa Cancale aliyekuja kwa ndege akiwa nusu mfu. Unahitaji barafu ya kuaminika, umeme usiokatika, barabara ya Kasongo inayopitika wakati wa mvua, na reli inayotembea kwa ratiba. Serikali ya mkoa na ile ya Kinshasa zinadaiwa mambo hayo manne na wananchi wa Maniema, na zinadaiwa tangu zamani.

Na wewe msomaji uliye Kindu, Kalima au Kasongo, kama kwenu yupo mzee aliyewahi kupika kwenye nyumba za reli au za mgodi, au bibi anayekumbuka soko kabla ya vita, mwulize alipika nini, alijifunza kwa nani, alilipwa kiasi gani, na alikula wapi yeye mwenyewe. Yaandike majibu yake, na jina lake uliandike mwanzoni.